Fimbo Yenye Jina la Abdullatif

Usijifanye hukuona. Ulikuwamo dukani Sur Jumatatu ile, pale Abdullatif alipotoa fimbo ya kuvulia ukutani, akaishika ncha, akaipinda, nayo ikakunjika kama kiwiko mbele ya macho yako. Ulitazama wapi? Ulitazama mishipi. Ukajidai kusoma karatasi ya ndoana. Mwenzako akatoa simu, akazungumza na mtu ambaye hayupo. Basi leo kaa kitako, usikie ulichokikimbia.

Abdullatif ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, mkaazi wa Ibra, Oman. Ibra haina bahari, na majirani walimcheka miaka: "Mvuvi wa mitendeni!" Acha wacheke. Mkoa mzima wa Sharqiyah hakuna aliyejua fimbo kama yeye. Alikuwa akivua kolekole kwa chambo cha bandia, kile cha mti kinachoelea juu ya maji. Unakirusha mbali, unakivuta kwa mishtuko, kinatema maji kama samaki aliyejeruhiwa, mpaka kolekole apande kutoka chini na ghadhabu zake. Kazi hiyo, alisema, fimbo ikiwa mbovu hata bingwa atarudi na mikono mitupu.

Mpwa wake Luay alipotaka kufungua duka la vifaa vya uvuvi Sur, alikuja Ibra na fimbo tisa za mfano kutoka kiwandani, akazilaza juu ya zulia la majlisi, chumba cha wageni.

"Shikamoo, khalu. Nichagulie moja tu. Hiyo ndiyo nitakayoagiza."

"Marahaba. Shika ncha, kaa kule. Taratibu, yakhe! Hukamui ng'ombe."

Ya kwanza ilikuwa ngumu tangu juu mpaka chini. Abdullatif akaitupa kando. "Hii ya kuangulia maembe. Ncha lazima iwe laini, la sivyo kila ukivuta, chambo kinaruka nje ya maji, samaki anabaki anashangaa." Ya tatu ilikuwa laini kotekote. "Hii ya kumpigia punda. Kolekole akishika anakimbilia mawe. Utamzuia na nini? Na dua?" Ya sita ndefu mno, yataka mabega ya hamali, maana kutwa nzima unarusha. Ya saba aliipinda, akafumba macho, akaipinda tena. Ilijikunja duara moja safi, ncha ikianza, kiuno kikifuata, na chini kwenye mgongo ikagoma.

"Hii. Lakini sikiliza, Luay. Hii hii. Wasibadilishe hata uzi unaofunga pete za kupitishia mshipi."

"Wallahi hii hii, khalu. Na jina lako nitaliandika juu yake."

Akaliandika kweli. Kuanzia Nizwa hadi Jalan Bani Bu Ali watu wakanunua kwa ajili ya jina. Mmoja wao ni Yazan, mfamasia wa Nizwa ambaye wazee wake walitoka Tabora. Siku ya pili tu, huko pwani ya Ashkhara, kolekole alipokata kuelekea mawe, fimbo ilikatika katikati na kipande kikamchana chini ya jicho. Nyuzi saba. Alimpigia simu Abdullatif.

"Mzee, mimi duka silijui. Nilikuamini wewe."

Abdullatif akachukua funguo. Akawasha gari, akaenda Sur.

Hapo ndipo ulipomwona. Alipinda tatu, zote zikatoa kiwiko mahali pamoja, nawe ukageuza shingo.

"Khalu, si mbele ya wateja," Luay akanong'ona.

"Hii siyo niliyoichagua."

"Kiwanda wamepunguza unene kidogo kwa ndani. Rangi ile ile."

"Rangi! Yazan kashonwa uso, wewe unaniambia rangi? Ziteremshe zote."

"Alhamisi nitakuja Ibra. Tuzungumze kifamilia."

Sasa kuna jambo ulijue, maana bila ya hilo utamwona Abdullatif mjinga. Alipofika huku kutoka Unguja mwaka sabini na tano, mtoto wa miaka kumi, skuli walimwita Zinjibari. Walimwambia mnakula muhogo, Kiarabu chenu kibovu, mila hamzijui. Kaka yake mkubwa, Yaqoob, ndiye aliyekuwa akimpigania uwanjani, mpaka shati likachanika. Abdullatif akaapa kwamba hakuna atakayemkamata kwenye mila tena. Na mila mojawapo ni hii: mgeni akiiweka finjani ya kahawa chini bila ya kuinywa, ana haja. Mwenyeji mwenye heshima humwambia, kunywa, umeipata, hata kabla hajaisikia. Wenyeji wenyewe siku hizi huuliza kwanza, "Haja gani, bwana?" na watu wakacheka. Abdullatif hajapata kuuliza hata siku moja. Sisi tuliorudi ndivyo tulivyo: tunashika kamba ambayo wenyewe wameshailegeza.

Alhamisi baada ya alasiri Luay akaja, na pamoja naye Yaqoob, kilemba cheupe, joho mabegani. Turkiya, mkewe Abdullatif, alichungulia dirishani, akamvuta binti yao mkono.

"Shatha! Ami yako kavaa joho! Wamekuja kukuposa."

"Mama, Luay hata salamu hajui kunitolea."

"Nyamaza, kajifunge vizuri."

Kahawa ikamiminwa. Yaqoob akaipokea finjani, akaiweka chini. Abdullatif moyo ukamjaa. Akaona hasira zake za Jumatatu ni za kitoto. Mtoto wa dada anataka kuwa mkwe, fimbo zitarudishwa, mambo yatatengenea.

"Kunywa, kaka. Mlilolijia mmelipata."

Yaqoob akanywa mpaka tone la mwisho, akaitikisa finjani, akafuta masharubu.

"Haja yetu ni ulimi wako. Fimbo zile usiziseme. Kwa Yazan wala kwa mwengine, mpaka ziishe."

"Kaka, zitamtoa mtu jicho."

"Neno umeshalitoa. Au unataka waseme Zinjibari hajui mila?"

Neno lile lile la skuli. Safari hii limetoka kinywani mwa aliyechaniwa shati kwa sababu yake. Luay alikuwa akilitazama zulia. Walijua. Walikuja wamevaa joho kwa kuwa walijua hatauliza. Walimpima kama yeye anavyopima fimbo, wakajua pa kukunjia.

Walipoondoka, Shatha akasimama mlangoni. "Kumbe aliyeposwa ni wewe, baba." Hakucheka, wala baba yake hakucheka.

Ijumaa, baada ya sala, Abdullatif alirekodi sauti, akaituma kwenye kundi la simu la wavuvi wa fimbo. Aliyataja yote: kiwiko, kiwanda, mpwa wake, kaka yake. "Nilitoa neno kwamba nitanyamaza," alisema, "na leo ninalivunja. Sijapata kuvunja neno. Lakini neno nililitoa kwa heshima, wakalipokea kwa hila. Fimbo zile si zangu. Msitoke nazo."

Yaqoob akamfungia simu, na mpaka saa hii hajamfungulia. Mmoja akaandika: hayo ndiyo ya Zinjibari. Luay akajitoa kundini. Nyinyi wengine, mia mbili na zaidi, mkasikiliza. Alama za kusikilizwa zilionekana, moja baada ya moja. Hakuna aliyejibu hata "tumesikia." Mzee ameuza heshima ya maisha yake ili macho yako yapone, na wewe unangojea aanze mwengine!

Kesho alfajiri mashua zinatoka Ashkhara. Inuka. Usiseme baada ya chai. Itoe fimbo hiyo uliyoinunua kwa jina lake, mpe mtu ashike ncha, ipinde taratibu utazame. Ikikunja kiwiko, ivunje hapo hapo, ipige picha, na uitume kundini kwa jina lako kamili. Kisha mpigie unayemjua ambaye atapanda mashua kesho. Mpigie sasa hivi.