Choo cha Mgeni

Mama yangu aliuza ng'ombe akanunua choo. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, maana Msambweni nzima imeshacheka na sisi hatukufa.

Watu walidhani anataka kujionyesha. Bi Mwanarusi ajionyeshe kwa nini, mwanamke aliyekuwa na kanzu mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba? La. Mama alinunua choo kwa sababu ya udhuru. Mwanawe alimpa udhuru, naye akaupokea kana kwamba amesomewa hukumu na kadhi.

Mwanawe huyo ni Swabir, mdogo wangu kwa miaka sita. Alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja kule Galu, akiwachezesha wageni mpira ufuoni, mpaka akaoana na Sabine, Mjerumani, akamfuata kwao. Kila Desemba huja wote wawili. Hufikia hotelini Galu, halafu siku moja huja Msambweni kutuamkia. Saa moja, ikizidi sana moja na nusu. Mama huchinjisha kuku, Swabir hula huku akitazama saa yake, Sabine huwapiga picha kuku waliobaki. Kisha huondoka. Tangu aoe, ndugu yangu hakulala hata siku moja katika nyumba aliyozaliwa.

Na mama hakuwa na haja nyingine duniani. Alikuwa akiniambia tukichambua mchicha: "Alale usiku mmoja tu, Maimuna. Niamke alfajiri nimsikie akikohoa chumba cha pili. Basi."

Mwaka wa kwanza alimwambia, "Mwanangu, laleni hapa leo." Swabir akajibu, "Mama, mwenzangu hawezi joto." Haya. Desemba iliyofuata akakuta feni ya kusimama chumbani, mpya, na nailoni yake haijatolewa. Akaitazama, akakuna shingo. "Ahsante mama, Mungu akuweke. Lakini tatizo ni choo. Mwenzangu hawezi choo cha kuchuchumaa."

Nilikuwa pale nafunika sahani. Nilimwona uso. Sisi watu wa Pwani udhuru tunaujua: mtu hataki kukwambia hapana, basi anakutilia kitu mkononi uende zako bila kuaibika. Nawe unaitikia, "Haya mwanangu, safari njema," mambo yanaisha. Angesema mbu, angesema mende, ingekuwa ni yale yale. Mama hakuitikia. Mama aliuliza, "Hicho cha kukalia kinauzwa wapi?"

Walipoondoka nikamwambia, "Mama, ule ni udhuru tu."

"Wewe una kijicho na ndugu yako tangu alipozaliwa," akasema.

Kijicho! Mimi niliyeachika nikarudi kumtunza, ninayeteka mitungi minane kwa siku kutoka kisima cha msikitini, bega hili limekwenda upande. Miaka mitatu nilimlilia tununue tangi tukinge maji ya mvua. Jibu lake lilikuwa moja: "Maji yapo, Maimuna. Tangi la nini?" Ng'ombe alikuwa hauziki. Ng'ombe alikuwa amana ya marehemu baba. Lakini Swabir aliposema choo, amana ikafungwa kamba ikapelekwa mnadani siku ya pili yake.

Tukaenda Ukunda, duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alikuwa msichana wa bara, Caroline, mcheshi, mdomo haupoi. Vyoo vilikuwa vimepangwa mlangoni, vyeupe, vimefunguliwa vifuniko. Mama akavipita kimoja kimoja akivigusa kama anayechagua papai.

"Wageni hupenda kipi?" akauliza.

Caroline hakukawia. "Hii, mamangu! Hii ndio wazungu wanapenda kabisa. Ona kifuniko, inajifunga yenyewe pole pole, haipigi kelele usiku."

Kilikuwa ghali kuliko vyote, bila shaka. Mama akakigeukia, akakusanya buibui lake, akakikalia pale pale dukani. Vijana waliokuwa wakipakia saruji wakaacha kupakia. Mmoja akapiga mluzi. Niliona haya, natamani ardhi inifunike, lakini mama hakusikia wala hakuona mtu. Aliketi, akanyoosha miguu mbele, akaikunja, akaniuliza, "Sabine ni mrefu. Magoti yake yatafika wapi?"

Alikuwa akipima magoti ya mtu mwingine. Yake mwenyewe yalikuwa yameanza kumuuma zamani. Alipotaka kusimama ilinibidi nimshike kwapa.

Caroline akaona. "Si hata wewe itakusaidia, mama? Na hayo magoti?"

Mama alimtazama kwa ukali. "Si changu mimi. Ni cha mgeni."

Fundi alikuwa Kitsao, mtu mpole, Mkristo. Alijenga kijichumba kando ya choo chetu cha shimo, akatia vigae, akakifunga kile kitu chini. Mama akaja kukagua, akapiga ukelele. Kilikuwa kimekabili kibla. "Yaani mgeni wangu akae hivyo mbele ya Mola? Unanitafutia laana, Kitsao?" Maskini fundi akaomba radhi, akaking'oa, akakigeuza kitazame baharini. Siku mbili zikapotea. Alipomaliza akajipangusa mikono, akauliza swali ambalo watu wote wenye akili wangeliuliza mwanzo.

"Sasa mama, maji yatatoka wapi? Hiki kinakunywa sana."

"Maimuna yupo," mama akasema.

Kitsao alinitazama, kisha akainama kukusanya vyombo vyake.

Desemba ikafika. Mama alitandika, akafukiza udi chumbani na chooni pia, mimi nikajaza ndoo tano nikazipanga mlangoni. Walipokuja, hata chai hawajanywa, mama akamshika Sabine mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Akamfungulia mlango. Akakiinua kile kifuniko, akakiachia, tukasimama wote wanne tukikitazama kikijifunga pole pole.

Sabine aliangua kicheko, si cha dharau, akamkumbatia mama. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akasema, "Mama, asante sana! Mimi penda hapa. Leo mimi lala hapa, sawa?"

Wallahi nimeyasikia kwa masikio yangu. Mama alifunga macho. Midomo yake ilikuwa ikisoma alhamdulillahi.

Ndipo Swabir akasema kitu kwa Kijerumani. Maneno machache, kwa sauti ya chini, anatabasamu. Sabine akamjibu. Swabir akarudia, tabasamu limeondoka. Yule mwanamke akauachia mkono wa mama.

"Mama, hoteli tumeshailipia," ndugu yangu akasema. "Mwakani inshallah."

Sasa nimeelewa, nikatamani nisingeelewa. Haikuwa joto, haikuwa choo, na haikuwa Sabine. Alikuwa ni yeye. Ndiye asiyetaka kuamka kwenye nyumba hii, mkewe amwone anapiga mswaki uani akitemea mgombani, majirani wamwite kwa jina lake la utotoni. Alitaka kutupitia tu, kama mtu anayepita sokoni asiyekusudia kununua. Nilimchukia siku ile. Nalisema, Mungu anisamehe.

Gari lilipoondoka nilidhani na mama ameelewa. Alisimama mlangoni mpaka vumbi likatua. Kisha akasema, "Sabine ameogopa mbu. Umeona alivyotazama dirishani?" Wiki ile ile akanunua chandarua.

Kijichumba kikatiwa kufuli. Ufunguo mama aliufunga kwenye pindo la leso yake, anaoga nao, analala nao. Kile choo kilibaki na nailoni yake kwenye kifuniko, hakijatumiwa na mtu.

Na magoti yake ndiyo kwanza yakazidi. Ilipofika Ramadhani alikuwa hawezi kuchuchumaa. Nilikuwa nikimpeleka choo cha shimo nimemkumbatia kwa nyuma, nimemning'iniza, yeye analia kwa maumivu na mimi nalia kwa hasira, na hatua tatu tu kando yetu kipo kiti cheupe kimefungiwa.

"Mama, nipe ufunguo."

"Sitoi."

"Mama, utavunjika hapa."

"Kitachakaa, Maimuna. Kitanuka uzee. Mgeni hakalii kitu kilichokaliwa."

"Mgeni gani? Mgeni hataki! Mwanao hataki, mama! Angelikuwa anataka angelala juu ya jamvi!"

Nilimwambia hivyo, kwa ukelele, na majirani wakasikia. Mama alishika pindo lake. Siku tatu hakusema nami.

Masika ya Mei, sakafu ya choo cha shimo imelowa, alikwenda peke yake mchana nilipokuwa kisimani. Nilimkuta chini, mguu umekunjikia upande usiokuwa wake. Hospitali wakasema ni nyonga, na kwa umri ule hawaoni la kufanya ila kumtuliza maumivu. Tukarudi naye nyumbani. Nikampigia Swabir simu. Akasikitika sana, akasema kazi imembana, atakuja Desemba.

Mama aliishi siku kumi na moja, anajisaidia kwenye beseni. Siku moja aliniuliza, "Desemba bado miezi mingapi?"

"Saba, mama."

"Chumba chao usiache kukifagia," akasema.

Tulipomwosha nilimfungulia pindo la leso. Ufunguo ulikuwa umeshika kutu. Nikaufunga kwenye pindo langu.

Swabir alifika siku ya tatu ya matanga, peke yake, na sanduku la magurudumu. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini na uani, juu ya mikeka, wengine wanapepeta mchele wa khitima. Alipita katikati yao akilia kwa sauti, nami nilimwachia alie, maana mama ni wake pia. Akaja akanipigia magoti. "Shikamoo, dada." Nikamwitikia. Akasema, "Dada, leo nalala hapa. Nitakaa mpaka wiki iishe."

Nilimtazama. Hakusema joto. Hakusema mbu. Kulala kulikuwa rahisi namna hiyo.

Nikasema, "Chumba kimefagiliwa."

Akanywa uji, na baada ya kitambo akanijia kwa kunong'ona, mkono tumboni. Chakula cha ndege kimemvuruga. Akataka choo, "kile cha kukalia, dada, maana hiki kingine sijakizoea tena." Nikafungua pindo, nikampa ufunguo. Ni chake. Kilinunuliwa kwa ajili yake, sina ninachobisha.

Nilimsikia akihangaika na kufuli. Nilisikia nailoni ikichanwa. Hadithi ya choo kile uani hapakuwa na asiyeijua, na binamu yangu Yusra alijifunika mdomo kwa mtandio, sijui analia au anacheka. Kisha tukasikia anavuta kishikio cha maji, kwa-kwa-kwa, mara tatu, nne.

"Dada!" Sauti ikatoka juu ya mlango. "Dada Maimuna! Maji hayatoki!"

Nikaongeza mchele kwenye ungo.

"Dada! Kwani mlinunua cha nini choo hiki, na maji hamna?"

Wanawake wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa na ungo mapajani, napepeta. Nilijua nikifungua mdomo nitasema yote, mbele ya watu, siku ya tatu ya mama yangu kaburini.

"Maimuna! Niletee maji!"

Yusra alikuwa ameshainuka, amekamata ndoo. Nikamshika pindo la nguo.

"Keti," nikamwambia. "Mwambie Maimuna hayupo."