Uchungu wa Mukankuranga

"Lia, lakini usitamke neno," Perusi alimnong'oneza mwanamke aliyelala kitandani. "Ukishindwa kujizuia, piga kelele tu. Neno hapana."

Mukankuranga aliitikia kwa kichwa. Jasho lilimtiririka shingoni. Mtoto alikuwa amekuja vibaya, matako mbele, na uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Nje, ng'ambo ya shamba la mihogo, bunduki zilikuwa zimeanza tena kulia, na safari hii zililia karibu, hata vioo vya kabati la dawa vikatetemeka.

Perusi Ntakije alikuwa Muha wa Kasulu, Tanzania. Kiangazi kile alivuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo pamoja na Mchungaji Alberti na wenzao wa kanisa la Kigoma, waje wahubiri na kutibu katika zahanati ya misheni iliyokaa milimani juu ya Swima. Ilikuwa iwe safari ya majuma machache. Mara vita ikafumuka upya. Leo mji wa Baraka ulishikwa na hawa, kesho na wale. Watu wa Fizi wakakimbilia porini. Na kila kundi likawa linamtambua adui kwa umbo la pua na kwa lafudhi. Mukankuranga alikuwa wa wafugaji wa nyanda za juu, mwenye kusema Kinyarwanda. Mumewe, Kagabo, alimteremsha ili ajifungulie zahanati, na njia ya kurudi ikafungwa nyuma yao. Sasa Kagabo alikuwa amejificha katika mahindi nyuma ya jiko.

Asubuhi ile Mchungaji Alberti aliwaongoza wenzake kwenda Swima, ambako mashua ilikuwa inawasubiri.

"Dada Perusi, Mungu hakutuita tufe kipumbavu," alimwambia huku akifunga mkoba wake.

"Nikimwacha huyu hivi alivyo, mchungaji, nitakwenda kumhubiria nani tena?"

Alberti alimtazama, akamwekea mkono begani, akasema mashua ingemngoja mpaka kesho. Kisha akaenda.

Akabaki yeye na Marthe, mwanamke wa Kibembe aliyefagia na kupika pale zahanati. Marthe alitoka Lubondja. Mumewe, Jérémie, aliteketezwa ndani ya nyumba yao na askari waliokuwa wakiitana kwa lugha kama hiyohiyo ambayo Perusi alimbembelezea mgonjwa wake, kwa sababu Kiha na Kinyarwanda ni ndugu. Tangu Mukankuranga alazwe, Marthe alikuwa akileta ndoo ya maji, anaitua mlangoni, anaondoka bila salamu.

Mlango ulifunguliwa kwa teke.

Waliingia wapiganaji wa msituni, wametapakaa matope, wanatweta. Aliyetangulia alikuwa kijana mrefu mwenye hirizi ya majani yaliyosokotwa mkononi na bunduki iliyofungwa kamba badala ya mkanda. Wenzake walimwita Komanda Vainqueur.

"Hapa kuko nani?"

"Kuna mzazi tu," Perusi alisema. "Mimi ni muuguzi. Nimetoka Kigoma, ng'ambo."

"Na huyu?"

"Ni dada yangu. Tulivuka pamoja."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Vainqueur alisogea akamwinamia Mukankuranga, akamkagua uso kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Zungumuza naye. Kwa luga yenu."

Perusi alimgeukia Mukankuranga. "Humura," alisema kwa upole, kumwambia atulie. "Humura, mwana wa mama."

"Unasikia, komanda?" mmoja alifoka. "Ni luga ya bale!"

Kitako cha bunduki kilimpata Perusi mdomoni. Akaanguka juu ya beseni, akasikia jino likikatika na damu ikimjaa kinywani, chumvichumvi. Mwingine akamkanyaga mkono.

"Ni Kiha!" alipiga ukelele akiwa chini. "Ni lugha ya kwetu Kasulu! Waulizeni wavuvi wa Swima, wananijua!"

Vainqueur alichukua Biblia iliyokuwa juu ya kabati, akamtupia kifuani. "Muko bantu ba Mungu. Apa."

Jumapili iliyopita Perusi aliwafundisha wanawake wa Swima habari za Anania na Safira, wale mke na mume walioanguka wakafa kwa ajili ya uongo mmoja. Aliwaambia Mungu hadanganywi. Aliweka kiganja chenye damu juu ya jalada.

"Naapa mbele za Mungu aliye hai, huyu ni dada yangu."

Akangoja. Hakuanguka.

Wakati huohuo kelele zilizuka uani. Wapiganaji wawili waliingia wakimburuta Kagabo. Shati lake lilikuwa limechanika, sikio moja likining'inia, na damu ilikuwa imemfumba jicho.

"Huyu tumemukamata mu mahindi."

Vainqueur akamsimamisha mbele ya kitanda, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwa wale wanawake. "Bamama hawa, unabajua?"

Kagabo aliwatazama. Jicho lake zima lilipita juu ya Perusi, likashuka juu ya mkewe, juu ya tumbo lile aliloliteremsha milimani kwa mikono yake mwenyewe, likapita kana kwamba limepita juu ya ukuta.

"Sibajue," alisema. "Nilikuya kuomba maji."

"We, mama. Unamujua?"

Mukankuranga alikuwa ameuma kitambaa. Alitikisa kichwa upande huu na upande ule, macho kayafumba, na haikujulikana kama anajibu au anaugua.

Vainqueur hakuridhika. Akageuka mlangoni, ambako Marthe alikuwa amesimama na ndoo yake.

"Mama Marthe. We iko mama yetu, muzaliwa wa hapa. Balikuunguzia bwana. Sema tu. Hawa ni banani?"

Perusi, angali sakafuni, aliinua macho. Marthe alikuwa akimtazama Kagabo. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingoni mwa ndoo. Perusi alitaka kuomba lakini kila neno lililomjia lilikuwa la Kiha, na alikiogopa Kiha hata moyoni mwake.

"Yule mwanaume simujue," Marthe alisema mwishowe. "Hawa bamama bawili balikuya na mashua ya Kigoma. Mi mwenyewe nilibapokea." Akaitua ndoo kwa kishindo. "Na we, Vainqueur, mama yako Solange alikuzala hivi hivi, banaume bakiwa inje. Toka! Haya ni mambo ya bamama."

Kijana yule aliyumba kidogo, kama aliyekemewa utotoni. Kisha akatema mate na kutoa ishara kwa kichwa. Walimburuta Kagabo nje. Hakupinga, wala hakugeuka nyuma.

Dirisha halikuwa na pazia. Perusi alijikokota akakaa mbele ya kitanda ili Mukankuranga asione, lakini masikio hayazibiki. Kwanza walimpiga kwa vitako vya bunduki. Wakamwuliza askari wako wapi, naye akasema hajui. Panga likashuka, sauti nzito yenye unyevu, likashuka tena. Kagabo alimwita Mungu mara moja tu, kwa lugha yake, na sauti ikakatika katikati ya jina.

Mukankuranga alifumbua macho.

"Sasa lia," Perusi alimwambia sikioni, akimbana mabega. "Lia, dada yangu. Lia yote!"

Alilia. Kilikuwa kilio kilichotoka chini ya tumbo, kikapasua kitambaa, kikajaa chumba na kutoka dirishani mpaka uani walikokuwa wakifuta panga kwenye majani. Alilia akiwa ameshika reli za kitanda, akajipinda, akalia tena.

Huko nje mpiganaji mmoja akacheka. "Mama anazala!" alisema, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Mtoto alitoka katika kilio kile, matako, mgongo, mikono, kisha kichwa ambacho Perusi alikitoa kwa vidole vinavyoteleza kwa damu yake mwenyewe. Alikuwa wa bluu, amelegea. Perusi alimpuliza, akamsugua mgongo. Marthe ndiye aliyemnyang'anya, akamshika miguu, akamwagia maji baridi ya ndoo. Yule mtoto akakohoa, akakunja uso, akaanza kufoka. Alikuwa wa kike.

Wapiganaji waliondoka na dawa, mablanketi na mbuzi wa misheni. Mchana ule Perusi na Marthe walichimba nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa mkavu, jembe likiruka. Walimlaza Kagabo katika shuka la zahanati, na Perusi akasimama kando ya shimo bila kujua aanze vipi.

"Omba kwa luga yake," Marthe alisema.

"Nimeapa uongo, Mama Marthe. Kwa Jina lake."

Marthe aliegemea mpini. "Mi nilitaka bamuue," alisema polepole. "Nilipomuona vile na damu, nilitaka kabisa. Ndio nikaona anamukana bibi yake. Jérémie angefanya vile vile." Akavuta pua. "Omba tu. Mi sina neno."

Perusi aliomba kwa Kiha, kwa mdomo uliovimba, bila kujua kama yuko mtu anayemsikia. Marthe akarudisha udongo.

Kulipopambazuka walimkalisha Mukankuranga juu ya baiskeli ya kanisa, wakashuka wakiisukuma. Kabla ya kuanza njia, Marthe alinyoosha mikono.

"Leta mutoto."

Mukankuranga alimkumbatia mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza yeye na Marthe kutazamana usoni. Akamtoa. Marthe akamfunga mgongoni kwa kitenge chake.

Kwenye kizuizi juu ya Swima, mtu mwenye bunduki aliwaamuru wasimame. Alifunua kitenge, akachungulia.

"Mutoto ya nani?"

"Mujukuu wangu. Mutoto ya Nadège." Marthe hakupunguza mwendo. "Nabasindikiza bageni kwenye mashua. Funika, atapata baridi."

Yule mtu akafunika.

Ufukweni Mchungaji Alberti aliwakimbilia, akawasaidia kupanda, akawa anatokwa na machozi alipoona mdomo wa Perusi. Marthe alisimama majini mpaka magotini, akafungua fundo la kitenge, akamkabidhi Mukankuranga mtoto. Mukankuranga alimshika kifundo cha mkono. Alitaka kusema, na Kiswahili chake hakikutosha. Akabaki amemshika hivyo, mashua ikicheza, mpaka Marthe mwenyewe akajitoa taratibu.

"Panda nawe, Mama Marthe," Perusi alimsihi. "Watajua."

"Mihogo yangu nani atalima?"

Walipokwisha kusukumwa kutoka ufukweni, Mchungaji Alberti alivua kofia, akawaambia wafumbe macho wamshukuru Bwana. Wote wakafumba. Perusi aliyaacha yake wazi. Marthe alikuwa anapanda njia ya mlimani peke yake, kitenge mkononi, na mgongoni mwa gauni lake kulikuwa na doa kubwa la unyevu mahali mtoto alipokojoa. Hakulifuta. Alikwenda nalo, jua likianza kulipiga, hadi mihogo ikamficha.