Mistari Ishirini na Minne

Bibi alikuwa afanyiwe upasuaji wa macho wiki iliyofuata, na alikuwa ameomba jambo moja tu: akifunguliwa bandeji, aone wanawe wote wanne katika picha moja. Picha ya namna hiyo haikuwepo. Iliyokaribia ilikuwa na watatu na kiwiko cha wa nne.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi walikuwa studio, kila mmoja kaja kivyake. Bibi alikalishwa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Nyuma yake walitakiwa kusimama kwa mstari Shangazi Mkubwa, Baba, Shangazi Mdogo na Baba Mdogo. Ndivyo alivyowaita mjukuu pekee aliyekuwepo, binti wa darasa la pili. Yeye mwenyewe aliitwa Kifutio, kwa kuwa daftari lake lilikuwa na matundu mahali pa majibu.

Mpiga picha aliwapanga. Shangazi Mkubwa akasogea hatua mbili. Akawapanga upya. Baba akakumbuka kwamba yeye hupendeza akisimama pembeni. Mara ya tatu Baba Mdogo alitoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

"Hii tumeshafanya," alisema Kifutio walipopangwa mara ya tano. "Ndiyo ile ya pili."

Mpiga picha alimtazama. Kwenye benchi walikuwa wanangoja wateja watatu wa picha za pasipoti. "Una uhakika?"

"Unabahatisha. Mwalimu amesema ukibahatisha, nyingine unazirudia na nyingine unazisahau."

"Na nisipobahatisha?"

"Unamshika mmoja mbele, halafu unawazungusha waliobaki mpaka waishe. Sisi tulitumia vizibo vya soda. Vizibo vitatu ni mistari sita."

"Hawa ni wanne."

"Na hawatulii kama vizibo," alisema Kifutio.

Alipewa bahasha kuukuu na kalamu. Akachora kikombe, ngazi, jicho lililofumba na pete, kisha akaanza kuvipanga kwa mistari.

"Mimi ni kipi hapo?" aliuliza Shangazi Mkubwa.

"Kikombe. Baba Mdogo alisema chai yako ni maji ya kuoshea vikombe, ndiyo maana hutaki kusimama naye."

Bibi aligeuza kichwa kuelekea sauti. "Alisema lini?"

"Mwaka juzi," alijibu Shangazi Mkubwa.

Ngazi ilikuwa Baba Mdogo. Aliazima ya Baba, ikarudi imepungukiwa vidato viwili. "Ilikuwa hivyo hivyo," alisema Baba Mdogo, kama alivyokwisha kusema mara nyingi. Jicho lilikuwa Baba, aliyelala kwenye harusi ya Shangazi Mdogo, na katika albamu anaonekana amelala kwenye picha tisa. Pete ilikuwa Shangazi Mdogo.

"Nilitoka zamu ya usiku," alisema Baba.

"Picha ya tano unakoroma," alisema Shangazi Mdogo. "Inaonekana."

Bibi alishusha pumzi. "Nimewazaa mwenyewe, halafu habari zao naletewa na bahasha."

Kifutio aliendelea. Kikombe mbele, mistari sita. Ngazi mbele, sita. Wateja wa pasipoti wakasogea kuangalia, na mmoja akamwonyesha mstari aliodhani umesahaulika. Ulikuwepo juu. Ilipotimia ishirini na minne, akaanza kukata: kila penye kikombe na ngazi bega kwa bega, kila penye ngazi na jicho, kila penye jicho na pete. Ikabaki miwili. Jicho, kikombe, pete, ngazi; na huo huo umegeuzwa.

Wakasimama hivyo. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyepigiwa simu. Mpiga picha akabonyeza. Pichani walitoka kama watu wanne wanaongoja huduma tofauti kwenye dirisha moja.

"Picha ulizokata ni ngapi?" aliuliza Bibi.

"Ishirini na mbili."

"Zipigwe."

"Mama," alisema Shangazi Mkubwa.

"Mimi sina haraka. Macho ni wiki ijayo."

Mpiga picha akatazama benchi. Wateja wa pasipoti walisema na wao hawana haraka.

Kifutio alisoma mistari kwa sauti, kama anayeita mahudhurio. Tano za kwanza kila mtu alitazama pazia. Ya saba Baba na Shangazi Mdogo waligusana mabega, na hakuna aliyedhurika. Kufikia ya kumi walikuwa wamechoka kuacha nafasi kati yao. Ya kumi na moja Baba Mdogo hakujua aende wapi, na mteja mmoja wa pasipoti ikabidi amsukume hadi ubavuni mwa Shangazi Mkubwa.

"Damu nzito kuliko maji," alisema yule mteja, akijaribu kusaidia.

"Hata kuliko chai," alisema Baba Mdogo.

Shangazi Mkubwa alibana midomo, kisha ikamshinda. Akacheka mpaka akamshika mkono mdogo wake asianguke. Mpiga picha akabonyeza bila kuambiwa, yule mteja akiwa bado kwenye mstari.

Bandeji ilipofunguliwa, picha zote zilitandazwa kitandani. Bibi alizipitia moja moja, akasema wamezeeka. Halafu akachagua hiyo ya kumi na moja, akataka kujua yule wa tano ni mtoto wa nani.