Fundi Aliyekula Kabla ya Kukagua

Kabla ya kununua nyumba ya kupangisha pale Ngamiani, nilimwajiri Fundi Mselem aikague. Alipofika, mwenye nyumba akamkaribisha wali kwa papa. Akala, akanawa, akazunguka vyumba, akaniambia, “Bi Sabiha, nyumba nzima hii.” Nikanunua.

Masika ya kwanza tu, dari ya chumba cha uani ikaporomoka. Boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa zikabaki unga! Nikamwita.

“Uliyaona haya?”

“Niliyaona, Bi Sabiha. Lakini nimeshakula chakula cha mtu, niitoe kasoro nyumba yake?”

Kumbe mimi niliyemwajiri sina haki, mwenye sahani ndiye! Nikapika wali, nikamwandalia katika chumba cha pili, chini ya boriti zilizosalia.

“Karibu ndani, fundi.”

Akatazama juu. “Nitakula hapa nje.”