Kilima Juu ya Mizabibu

Evelina alikuwa meneja wa shamba la mizabibu na kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya Miyuji, na tangu Pasaka hakuwa na wimbo mwingine ila kilima. Mwenye mali, Mzee Gideoni, alikuwa mstaafu wa reli aliyekinunua kiwanda hicho serikali ilipoanza kujivua biashara. Kila Evelina alipoingia ofisini kwake, mzee alianza kucheka kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, mzee. Kile kilima kitatumaliza."

"Marahaba. Kilima kimekuwapo kabla babu yangu hajazaliwa."

"Kilikuwa na miti. Miti hiyo tumeichoma sisi, kuchemshia maji ya kuoshea chupa. Sasa mvua ikinyesha hakuna cha kuishika, na mvua zenyewe si zile za zamani. Zinachelewa, halafu zinakuja kwa hasira. Wataalamu wanasema dunia inapata joto."

"Mimi nauza mvinyo, mwanangu. Hayo ni ya serikali na watu wa misaada."

"Serikali haina mzabibu hata mmoja hapa!" Evelina alisikia sauti yake ikipanda, lakini hakuirudisha. "Yetu ikizikwa na mchanga, tutauza nini mpaka mingine ikue? Siombi sadaka. Naomba fedha za kukinga maji kule juu. Naongea biashara."

Mzee aliacha kucheka. Alikuwa ametenga fedha za gari jipya la kusambazia mvinyo, na sasa alilitazama lile la zamani pale uwanjani kana kwamba analiomba radhi.

"Haya," alisema mwishowe. "Ila ikienda kombo, utajibu wewe."

Siku hiyo Evelina alitembea kwenda nyumbani bila kuhisi ardhi. Wiki iliyofuata alipanda kilimani kuzungumza na Sila, mkulima mwenye mbuzi na shamba la uwele kule mteremkoni. Wakakubaliana: kampuni ingewalipa Sila na majirani zake kuchimba matuta ya kukinga maji, yakikata kilima kwa ubavu, na juu ya matuta wangepanda majani ambayo wangekatia mifugo yao. Kuni za kilimani zikakoma kununuliwa. Jiko la kiwandani likaanza kula matawi yaliyopogolewa kwenye mizabibu.

Kiangazi chote Mzee Gideoni alikuja kutazama na kutikisa kichwa. "Fedha yangu imelala chini," alilalamika, "inaota majani."

Kisha ikaja mvua ile ambayo redio iliiita El Nino.

Iliwakuta ofisini asubuhi, wakinywa chai na Anastazia, ofisa wa benki aliyekuja kuona kama kampuni inastahili mkopo wa matangi mapya. Mzee alikuwa amevaa suti. Mvua ilipiga bati mpaka maneno yakamezwa, na Evelina akaweka kikombe chini, akatoka mbio.

Alipanda akiteleza, moyo ukimdunda. Tuta la kwanza lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na limeshika! La pili limeshika. Maji mekundu, yaliyozoea kushuka yakinguruma, yalitambaa kando ya matuta yakinywewa na udongo. Evelina alipiga kelele za furaha peke yake kwenye mvua.

Kisha akaona tuta la kati likivuja. Ufa mdogo, lakini alipoukanyaga kuuziba, ukingo ulimeguka chini ya mguu wake.

"Viroba!" alipaza sauti kuelekea kiwandani. "Leteni viroba vya mchanga!"

Kabla wafanyakazi hawajafika, watu walitokea juu yake wakikimbia na majembe: Sila, mkewe Ritha, na majirani zao.

"Nani kawaita?" Evelina aliuliza akihema.

"Tuitwe na nani?" Sila alijibu akianza kupiga jembe. "Hili likikatika, uwele wangu ndio unaotangulia kusombwa!"

Viroba vikafika. Evelina alipogeuka kupokea kimoja, aliyekibeba alikuwa Mzee Gideoni, suti imegandamana mwilini, na nyuma yake Anastazia, miguu peku, akimpokeza Ritha kiroba kingine. Walijaza, wakakanyaga, wakajaza tena, wakipigiana kelele kama watu wa mpirani, hadi tuta likatulia.

Mvua ilipopungua waliona bonde lote. Mizabibu yao ilisimama kijani, safu kwa safu. Ng'ambo ya korongo, shamba la jirani lilikuwa mchanga mtupu, ncha za nguzo tu zikichungulia. Hakuna aliyeshangilia kwa lile.

"Matuta haya hayakuwamo kwenye maombi yenu ya mkopo," Anastazia alisema akikamua sketi.

"Niliogopa benki mtanicheka," Evelina alijibu.

"Yaandikeni. Yawekeni mbele ya matangi. Mali inayojilinda hivi ndiyo tunayoitafuta."

Mwaka ule zabibu ziliadimika Dodoma nzima. Wafanyabiashara wa Arusha na Dar es Salaam walipiga simu kiwandani kila siku, na waliopata mvinyo mwaka huo waliagiza wa mwaka uliofuata papo hapo. Mkopo ulitoka. Majirani wa ng'ambo walikuja kuuliza matuta yanachimbwaje, na Evelina akawapeleka kwa Sila.

Mvua zilipokwisha, Evelina alifika kazini akakuta ofisi ya mzee tupu. Alimsikia kabla hajamwona: alikuwa kilimani, vigingi mkononi, akibishana na Sila.

"Evelina! Panda haraka!" mzee aliita. "Huyu anataka tuta jipya lipite hapa, mimi nasema lianzie kule juu kabisa!"

Evelina alivua viatu, akapanda mbio.