Mama Wanyoike wa Emali

Mwanangu Wanyoike alianza kutembea siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya duka langu la kushonea nguo hapa Kwa Vonza. Alikuwa ameshikilia mguu wa cherehani. Akauachia, akaenda hatua nne hadi kwenye stuli ya wateja, kisha akaketi kwa kishindo na kuanza kucheka. Niliacha sare ya shule niliyokuwa naipiga pindo, nikachukua daftari, nikaandika tarehe, saa na idadi ya hatua. Halafu nikampiga picha na kumtumia wifi yangu Wariara.

Nilikuwa nikifanya hivyo tangu azaliwe. Kwetu Mbumbuni tulizaliwa wanane na mimi ni wa sita. Siku moja nilimuuliza mama nilianza kuongea lini, akanitazama. "Uliongea tu," akaniambia. "Si unaongea?" Nikaamua wangu atakuwa na habari zake. Daftari lilikuwa la miraba, lile la hesabu. Jino la kwanza, tarehe tisa Agosti, chini, upande wa kushoto. Siku aliyokula githeri ya kupondwa akatema maharagwe yote na kumeza mahindi. Siku aliyomwogopa bata. Siku baba yake alipompeleka kinuni akarudi na kichwa cheupe kwa unga, anapiga chafya mfululizo.

Baba yake anaitwa Njogu. Kwao ni Nyeri. Alikuja huku kuendesha kinu cha kusaga mahindi, tukapatana, tukaoana. Ni mtu mpole, hana kelele. Lakini ukimwambia mtoto ameota jino anasema "Sawa" na kuendelea kula. Aliyetaka kujua kila kitu ni dada yake, Wariara, anayeuza viatu Emali kwenye barabara ya Mombasa. Mume wake alimwacha, na hakuwa na mtoto. "Wifi, usininyime kitu," aliniandikia. "Hata akinya vizuri, niambie." Nilifurahi. Kila jioni nilimnakilia nilichoandika kwenye daftari, na picha juu yake. Aliponiomba nguo zilizokuwa zimembana mtoto, eti ampe jirani asiyejiweza, nilimpelekea mfuko mzima, nyingine hata sijazifua, alisema atafua mwenyewe.

Siku moja baada ya zile hatua nne, Kalunde aliingia dukani kupimwa rinda. Kalunde ni mteja wangu wa siku nyingi, na wikendi iliyotangulia alikuwa ameenda Emali kwa mkutano wa akina mama wa kanisa lao. Nilikuwa nimemzungushia tepu kiunoni alipomwona Wanyoike chini, anatafuna kipande cha kitambaa.

"Ai! Hii mtoto naijua!" akasema. "Si huyu ni wa Mama Wanyoike wa Emali? Kumbe wewe ndiye unamlelea?"

Nikacheka. "Mama Wanyoike ni mimi."

Hakucheka. Alichomoa simu kwenye mkoba, akatafuta kidogo, akanipa. "Alituonyesha hapa. Tulimwombea huyu mtoto mpaka watu wakalia. Alisema amemweka kwa nyanya yake huku Kitui juu ya kifua, moshi ya malori inamsumbua, yeye huja tu kumwona."

Ulikuwa ukurasa wa Wariara, lakini si ule niliouzoea. Juu kabisa kulikuwa na picha ya mwanangu ameketi karibu na stuli yangu. Mguu wa cherehani ulikuwa umekatwa kwenye picha. Chini yake kulikuwa kumeandikwa: "Mwanangu leo ametembea. Hatua nne. Akakaa chini akajicheka. Mungu wewe ni nani!" Yalikuwa maneno yangu. Alichoongeza ni Mungu peke yake.

Nilishuka chini kwa kidole. Jino, tarehe tisa Agosti. Githeri. Bata. Kila mahali mkono wangu ulipokuwa kwenye picha, mkono ulikuwa umekatwa. Yaani mtu alikuwa ameketi kwake jioni baada ya jioni ananipunguza, hapa kiwiko, hapa bega. Kisha nikafika kwenye picha moja ya mwezi wa tano. Nilikuwa nimemtumia Wariara kwa sababu ni mwanamke mwenzangu: mtoto amelala akinyonya, tone la maziwa kwenye shavu. Alikuwa amenikata, lakini si kote. Titi langu lilikuwa limebaki, na ile alama nyeusi niliyozaliwa nayo. Watu mia tatu walikuwa wamepitia hapo. "Hongera mama, maziwa iko!" "Mama Wanyoike umebarikiwa." Na Wariara alikuwa amejibu: "Ananimaliza huyu, haachii!"

Kuna wateja wanaojaribu nguo ya mtu mwingine ukigeuka, wanaitoa imeshika jasho lao, na wewe ndiye utampa mwenyewe. Nilisikia hivyo, ila nguo ilikuwa ngozi yangu. Mate yalinijaa mdomoni. Nilitoka nje nyuma ya duka nikatapika uji wote wa asubuhi, Kalunde akinishika mgongo na kuniuliza kama ni mimba.

"Jumapili hii anamleta kanisani awekwe wakfu," aliniambia kwa sauti ndogo nilipokuwa nasukutua mdomo. "Hata keki wameshaagiza. Kwani hukujua?"

Sikujua. Nilichojua ni kwamba Njogu alikuwa ameniambia Jumapili iliyopita, "Acha mtoto aende kwa shangazi yake wikendi, upumzike." Na mimi nilikuwa nimeona huo ni upendo.

Jioni hiyo sikupika. Njogu alirudi na unga kwenye nyusi, akajipakulia viporo vya mchana, akaketi. Nilimwekea mbele ule ukurasa, Kalunde alikuwa amenipa jina la ukurasa huo. Alitazama mara moja tu, akarudi kwenye sahani. Mtu asiyejua angeuliza, "Hii ni nini?" Yeye hakuuliza.

"Tangu lini?" nikamwambia.

"Mwezi wa tatu." Akameza. "Alinipigia analia. Kathini, alikuwa na mimba, hakutaka uambiwe, ikafa ikiwa miezi saba, wiki ile ile ulijifungua. Kanisa lilikuwa limeshamfanyia sherehe, nguo, beseni, kila kitu. Angewaambia nini?"

"Angewaambia imekufa."

"Ni picha tu. Mtoto hajapunguka."

"Na Jumapili? Hiyo pia ni picha?"

Kulikuwa na punje ya wali kwenye ndevu zake, ikipanda na kushuka anavyotafuna, na niliitazama hiyo punje mpaka nikashindwa kukaa naye chumba kimoja. Huyu mtu alikuwa amelala kando yangu miezi yote hiyo. Alikuwa ameniona naandika, akajua yanakwenda wapi. Nilikumbuka kuna siku nilikuwa nimechoka, akaniambia, "Umemtumia Wariara ya leo?"

"Ungemtoa mtoto wangu aende aitwe wa mtu mwingine mbele ya madhabahu," nikasema.

"Ni siku moja. Angerudi."

Nililala na mtoto kwenye kitanda kidogo. Njogu aliponigusa bega kuniomba tuongee, nilisogea hadi ukutani.

Jumamosi nilivaa rinda langu la kanisa, nikamfunga Wanyoike mgongoni, nikaenda Emali mwenyewe. Sikumwambia Wariara kwamba ni mimi ninayemleta. Alifungua mlango tukiwa bado uani, na macho yake hayakufika kwangu. "Baba!" akaita. Mtoto ana jina la baba yao Wariara na Njogu, kwa hiyo yeye humwita Baba, ni kawaida kwao, na zamani nilikuwa naona ni vizuri. Siku hiyo nilisikia vibaya. Alimtoa mgongoni kabla sijafungua fundo sawasawa, akaingiza pua kwenye shingo yake na kuvuta pumzi ndefu. Mtoto alimsukuma uso kwa viganja viwili.

"Karibu, wifi," akasema mwisho. "Njogu alisema atakuja yeye."

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Ukutani kulikuwa na picha ya Wanyoike ndani ya fremu ya dhahabu. Nyuma ya pazia niliona kitanda cha mtoto kimetandikwa, na juu yake nguo zangu, zile za jirani asiyejiweza, zimepangwa kwa umri. Harufu ilinijia kabla sijazishika. Hazikuwa zimefuliwa. Bibu ya kumfungia shingoni akila ilikuwa na maziwa yaliyoganda, yamegeuka kahawia. Suruali ya miezi sita ilikuwa na doa lile lile lililonishinda kutoa. Alikuwa ameziweka hivyo hivyo, miezi yote hiyo, na kwenye mto kulikuwa na alama ya kichwa cha mtu mzima.

Nilitaka kumpokonya mtoto hapo hapo. Lakini mlango ulibishwa, akaingia mwanamke mnene amebeba hotipoti, jirani wa kanisani.

"Ndiye huyu!" akapiga kelele. "Ameletwa! Woi, kwenye picha hakai hivi mkubwa. Anafanana na wewe, Mama Wanyoike, hata hiyo paji la uso." Kisha akaniona. "Na huyu ni nani?"

Wariara hakusita. Ningemwona akisita, labda leo ningeongea juu yake kwa namna nyingine. Alimhamisha mtoto kiunoni, akasema huku akitabasamu, "Ni msichana anayenilelea. Amemleta."

Yule mama akanigeukia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mfanyakazi. "Asante sana, msichana. Umemtunza. Mungu akulipe."

Chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha. Nilimtazama Wariara, nikasubiri. Alinitazama pia, na macho yake yaliniomba. Hayakuomba msamaha. Yaliniomba ninyamaze mpaka kesho jioni.

"Mimi naitwa Kathini," nikamwambia yule mama. "Ni mke wa kaka yake. Huyu ni mtoto wangu, nilimzaa mwezi wa pili hospitalini Kitui, kwa kisu. Wariara hajawahi kumlea hata siku moja. Wa kwake alikufa tumboni na hakuwaambia. Poleni kwa keki."

Nilijisikia nikisema lile neno la keki, na hata mimi nilijichukia kidogo. Mama yule alifungua mdomo, akamwangalia Wariara, ambaye hakukana. Aliweka hotipoti mezani. Akaichukua tena. Akatoka nayo.

Wariara aliketi sakafuni na mtoto mapajani. "Umeniua," akasema. Hakupaza sauti.

"Nipe mtoto."

"Walikuwa wameninunulia beseni, Kathini. Beseni ya waridi, walidhani ni msichana. Nilitoka hospitali nikaikuta hapo mlangoni imejaa nguo. Wewe siku hiyo ulinitumia picha yake amefungwa blanketi. Nilisema nitaiangalia tu. Mtu wa kwanza akauliza, ni huyu? Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi. Ni neno moja."

Nilimwonea huruma. Sitaki mtu adhani sikumwonea. Nilikumbuka uchungu wangu, na kwamba wangu uliishia kwa kilio cha mtoto na wake uliishia kimya. Lakini huruma hiyo haikuosha kitu. Ilikaa upande mmoja, na upande mwingine nilikuwa bado naona titi langu na jibu lake, "haachii."

"Nipe mtoto," nikarudia, "halafu ushike simu."

Alifuta picha moja moja mbele yangu. Zilikuwa mia mbili na kitu. Ilichukua muda mrefu, jua likahama kutoka kitandani hadi mlangoni, Wanyoike akalala mgongoni mwangu. Mara nyingine kidole kilikwama, akasoma maneno kwa midomo kabla ya kubonyeza. Sikumharakisha. Alipomaliza nilikusanya nguo zote kwenye mfuko, pamoja na bibu. Hakuinuka kunisindikiza.

Zile nguo sikuzifua. Nilizichoma nyuma ya duka, na moshi wake ulikuwa mzito, jirani yangu Nzioka, fundi wa baiskeli, akafunga dirisha. Njogu alisimama mbali akitazama. Alisema nimemwaibisha dada yake mbele ya watu wa Mungu. Nikamwambia aende amfariji basi. Akaenda, na amekuwa akienda kila mwisho wa mwezi. Akirudi na kutaka kumbeba mtoto namwambia kwanza abadilishe shati. Hubadilisha bila kubisha. Tunaishi. Tunakula meza moja, lakini mimi huangalia sahani yangu.

Daftari nimelijaribu mara kadhaa. Naandika, "Leo ameita ng'ombe," kisha nasikia sentensi hiyo kwa sauti ya Wariara, naona mahali ambapo angeweka Mungu wake, nafunga. Kwa hiyo kuna maneno Wanyoike amejifunza na mimi sijui siku. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, na sijamwambia mtu.

Nasikia Wariara amehama kanisa. Hajahama Emali. Wiki iliyopita, nilipokuwa nakata kola, simu yangu iliwaka na jina lake. Sikuwa nimemzuia, sijui kwa nini. Aliandika: "Sitaki picha. Niambie tu yuko aje."

Niliiacha hapo tangu asubuhi hadi saa tisa. Wanyoike alikuwa mlangoni akimwaga vifungo kutoka kwenye kopo na kuvirudisha, akivihesabu kwa hesabu yake mwenyewe, moja, mbili, mbili, tano. Ningeweza kumwandikia hilo. Najua angelipenda.

Niliandika "Mzima," nikatuma. Halafu nikachota maji kwenye ndoo nikanawa mikono, kwa sabuni, hadi juu ya viwiko.