Anayekula Nguvu za Kompyuta

Meneja mpya wa kiwanda cha mikate alikuwa mdogo wa mume wa fundi wa kompyuta, kwa hiyo fundi hakuwa na pa kukwepea siku aliyomwambia, "Shemeji, nami nifundishe kuchungulia humo ndani."

Akamfundisha. Aliandika amri fupi, skrini ikajaa mistari. Kila mstari, alimweleza, ni programu moja iliyo hai: jina la aliyeiwasha, namba yake, nguvu inazokula, na herufi ya hali yake.

"Hii S?"

"Imelala. Inasubiri kuitwa."

"Zote hizi zimelala saa za kazi?"

"Zikiamka zote kwa pamoja, shemeji, hakuna atakayefanya kazi humu."

Meneja akanogewa. Fundi akamtengenezea kitufe: akikibonyeza, kiprogramu kinapekua kila programu na mafaili inayoyagusa, kisha kinamchorea jedwali linalojisasisha lenyewe. Tangu hapo, kila aliporudi kutoka kwenye matanuri, alibonyeza. Akichoka kutazama alifunga dirisha na kwenda zake, akiamini amezima.

Asubuhi moja kompyuta kuu ikawa nzito kama imemeza mawe. Karatasi za safari zikagoma kuchapika. Madereva walijaa uani, mikate inawapolea kwenye magari. Fundi akaita orodha, akaipanga kwa ulaji wa nguvu. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa mhasibu. Hakusoma wa pili. Akauua.

Mhasibu alitokea mlangoni, miwani mkononi. "Nani kanizimia? Nilikuwa nafunga hesabu za mwezi."

"Ulikuwa unakula nguvu zote, dada."

"Haya, nimeacha kula. Mbona bado inajikokota?"

Ilikuwa inajikokota kweli. Fundi akairudia orodha, safari hii polepole. Mistari inayofanana ilipangana hadi chini ya skrini, kila mmoja ukidokoa kidogo, yote nakala za kile kiprogramu cha kitufe, yote ya mtu mmoja. Akamwita meneja, akafunga mlango.

"Soma hapo mwanzo wa mstari, shemeji."

Alisoma jina lake. Akasoma na wa chini yake. Akavuta kiti, akakaa.

"Mimi nilikuwa natafuta wanaochelewesha kazi," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Ukiziua, jina linabaki?"

"Linatoka."

"Ziue."

Muda si mrefu printa ikaanza kutema karatasi, na magari yakatoka.

Jioni, kikaoni, meneja alitangaza kwamba amebaini chanzo cha tatizo yeye mwenyewe na kukiondoa. Wakampigia makofi. Akamwomba mhasibu, kwa upole, asifungue mambo mazito asubuhi. Fundi aliangalia viatu vyake. Angefungua mdomo, Jumapili mama mkwe angemuuliza mezani kwa nini amemwaibisha mwanawe.

Baada ya kikao alibeba vikombe viwili vya chai hadi kwa mhasibu, wakaanza kuingiza upya hesabu zilizopotea. Katikati ya kazi akashindwa kujizuia, akamwambia yote. Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Alipotulia akasema, "Basi na mimi nifundishe kuisoma hiyo orodha."

Fundi alimaliza chai yake kwanza. Kisha akaandika ile amri, na kabla ya kumwonyesha namna ya kuisoma, akamwonyesha namna ya kuizima.